Maji ya Kutazama

Jumapili, 3 Mei 1953

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya watu: bega, kiuno, urefu wa mkono. Kuanzia leo vipimo vihamie kichwani. Nina hasira, na hasira yangu inataka karatasi.

Jana nilipanda kilimani kwa wazungu kumpelekea mke wa meneja wa mgodi mapazia aliyonipa kushona. Sebuleni kwake kuna sanduku la kioo limejaa maji, na ndani yake samaki wanne wekundu waliotoka Nairobi. Nikasimama nikasahau mapazia mkononi. Maji yametulia, samaki wanapita, majani yanayumba, na hakuna mtu mwenye ndoo anayesubiri zamu. Mimi ni mtoto wa Kishapu. Maji ninayoyajua ni ya kufuata alfajiri, ya kugombea na ng'ombe, ya kugawana kwa kata. Maji ya kutazama tu sijawahi kuyaona tangu nizaliwe.

Nikamuuliza, mtu akitaka kufuga hivi aanzie wapi? Akacheka, akasema, "Paskazia, samaki kwenu ni sufuria."

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba nilicheka. Basi naandika hapa: nitafuga samaki katika kota hii ya laini namba saba, vyumba viwili na baraza, na hakuna atakayeiona hiyo sufuria.

5 Mei

Nimemwambia Januari. Mume wangu anaangalia mabetri kwenye nyumba ya mitambo, na ni mtu wa kupiga hodi hata mlangoni kwake mwenyewe. Akasema, "Mama Limi, tusijitafutie makubwa."

Mama yake, Bibi Mageni, tunaishi naye tangu mwaka juzi. Alikuwa anavuta ugoro wake. Akapiga chafya mbili, akauliza, "Maji ya kutazama? Hata ng'ombe akitazama maji, huyanywa."

Mkwe ni mkwe. Lakini nimeandika.

14 Mei

Nimemsema mume wangu bure. Leo karudi kazini amebeba gudulia la kioo begani. Zile betri kubwa za mitambo hukaa ndani ya magudulia kama hili, linafika gotini na upana wake kama karai. Hili limemeguka ukingo, likatupwa. Ameliomba kwa barua, na barua ya ruhusa anayo mfukoni, ameikunja mara nne.

17 Mei

Gudulia limekaa na tindikali miaka na miaka. Nimeliosha kwa magadi siku tatu. Jana nilijaza maji nikatumbukiza kipande cha kitambaa cha marekani mpaka leo. Nguo haikulika. Maji yamekuwa salama.

24 Mei

Furu watatu wa ziwani, kutoka kwa mvuvi wa Nungwe, wamefika wazima ndani ya debe. Nimewapa mchanga wa mtoni uliooshwa na yale majani ya kuelea yanayofanana na kabichi. Wazuri mno! Limi wangu wa miaka miwili amebandika pua kwenye kioo, hataki kunyonya.

26 Mei

Furu wawili. Mmoja kamng'ata mwenzake mpaka mapezi yakaisha.

29 Mei

Furu mmoja. Anazungukazunguka kama karani mpya. "Kabichi" zimeoza, maji yananuka. Bibi Mageni anapita ameshika pua kwa vidole viwili, na njia ya kwenda chumbani kwake haipiti hapo.

2 Juni

Nimeng'oa yungiyungi kwenye lambo la ng'ombe nikalipanda. Lina adabu, halinuki. Nimeongeza kambare mdogo, urefu wa kidole.

3 Juni

Kambare kamla furu. Sijui alimpitishaje mdomoni. Kisha akaruka nje, tumemkuta uvunguni amekauka, amejaa mavumbi.

Januari hakusema kitu, na kutosema kwake kuna kelele. Yungiyungi nalo limegeuka manjano, linataka jua na mimi nina dirisha moja tu. Lakini nimejifunza, na nayaandika nisiyarudie. Usichukue samaki mgomvi. Usichukue samaki mwenye tumbo kubwa kuliko akili. Usichukue mmea unaotaka uwanja mzima. Ninachohitaji ni samaki mdogo aliyezoea maji machache, yaliyosimama, yenye joto. Na samaki wa namna hiyo ninamjua, nilimkanyaga utotoni nikilinda ndama.

7 Juni

Kesho naenda Kishapu kwa kaka yangu Bujiku kumsaidia kuchuma pamba, na kwenye dimbwi la mwisho la mbugani nitawachota samaki wa mvua. Hawana jina jingine. Mvua ikinyesha wapo, dimbwi likikauka hawapo. Wazee walituambia wanaanguka na mvua kutoka juu.

Bibi Mageni kaingilia maneno. "Hawaanguki. Wanalala kwenye tope. Uchukue na tope lao."

Nikamwambia, "Mama, samaki bila maji anakufa. Tulifundishwa misheni."

"Hiyo misheni ilijengwa mbugani?"

Nimesoma mpaka darasa la nne, siwezi kubishana na mtu aliyesomea ng'ombe. Ila tope nitachukua, la kupandia majani.

19 Juni

Nimerudi. Siku mbili juu ya lori la marobota ya pamba, debe mapajani, kila bonde linanimwagia maji kifuani. Abiria waliniuliza nimebeba nini, nikasema nimebeba wageni. Walitoka kumi na mmoja, wamefika tisa.

Dimbwi lilikuwa limebaki kama uwanja wa nyumba, kahawia kama chai ya maziwa. Bujiku alicheka mpaka akakaa chini. "Dada yangu mke wa mgodini karudi kuvua vijisamaki vya kuchezea ndama!" Nikamwambia acheke huku akishika ungo. Alishika.

Majani nimechukua yale membamba kama nyuzi, yanayokua humohumo gizani kwenye tope. Na tope lenyewe, bakuli zima.

22 Juni

Maji yametulia, na sasa ninawaona. Ee Mungu wangu. Majike sita ni wa kijivu, hawana makuu. Lakini madume! Mwili wa samawati, kila gamba limepigwa ukingo mwekundu kana kwamba limetarizwa, na mkia mwekundu mtupu. Miaka yote nilikuwa nawakanyaga. Kwenye maji ya kahawia nani angejua? Wale wa kilimani ni wekundu tu, rangi moja, kama kitambaa cha jora.

Jua la saa nne likipiga dirishani, yale majani ya nyuzi yanatoa vipovu vidogo vidogo, vinapanda kimoja kimoja. Maji hayanuki.

Nimekaa nikayatazama mpaka ugali ukaungua. Sitaomba radhi.

26 Juni

Leo Ijumaa, siku ya ukaguzi. Bwana afya wetu anaitwa Cornel, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi, anakaa nyumba ya mwisho ya laini hii hii, karibu na bomba. Ana upawa wa mpini mrefu na daftari kubwa. Kazi yake ni kutafuta viluwiluwi vya mbu. Mtungi usiofunikwa anaumwaga, na kila mwanamke hapa ameshamwagiwa.

Akasimama mbele ya gudulia. "Mama, maji haya ni ya nini? Kunywa, kupikia au kufulia?"

"Ya kutazama."

Akatazama daftari lake. "Hakuna safu ya kutazama."

"Chora."

Hakucheka. Akasema maji yaliyosimama ndani ya nyumba zaidi ya wiki ni marufuku. Nikamwambia achovye upawa ahesabu viluwiluwi, maana samaki hawa wanavila vyote. Akasema kanuni haitaji samaki. Yaondoke kabla hajarudi.

10 Julai

Januari kalifunika gudulia kwa kitambaa changu cha kushonea akaweka cherehani mbele. Cornel kapita hakuona. Mume wangu jasho lilikuwa linamtiririka. Nimeona aibu, na sijui kama ni aibu yake au yangu.

18 Julai

Jioni baraza langu linajaa. Mama Kalisti wa nyumba ya tatu analeta kigoda chake kabisa. Wanawake wametoka kwenye moshi, wanaume wametoka shimoni na macho mekundu ya vumbi, wanakaa wanatazama. Hawaongei sana. Hata Philomena, mke wa Cornel, alisimama nje ya ua na mtoto mgongoni, akanyoosha shingo. Nilipomwona nikashusha pazia. Jasusi.

23 Julai

Dume na jike wanabanana ubavu kwa ubavu, wanachimba matumbo yao kwenye tope, wanatetemeka, wanaondoka. Siku nzima. Bibi Mageni, ambaye hatazami, kasema akipita, "Wanapanda."

Ijumaa, 7 Agosti

Mtanisamehe mwandiko, ingawa sijui ninaomba msamaha kwa nani.

Asubuhi Januari alileta tena kile kitambaa. Nikakishika. Nikamwambia, Baba Limi, mimi sijaiba. Mke wa meneja hafuniki lake. Akasema yule ni yule. Nikasema hilo ndilo neno linalonichosha kuliko yote duniani, yule ni yule. Nikakivuta kitambaa nikakikunja, nikakaa kando ya gudulia langu na Limi mapajani, nikangoja.

Cornel kaja. Akaliona. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ulinikera zaidi, "Mama, nilikuambia nini?"

"Uliniambia hakuna safu. Na mimi nikuulize, baba: kule kilimani upawa wako haujui njia? Kuna sanduku la kioo sebuleni kwa meneja. Kuna bakuli la kuogea ndege bustanini, nimeona mwenyewe viluwiluwi vinacheza ngoma humo. Umemwaga?"

Watu walishajaa nje. Nadhani hapo ndipo nilipomfunga mikono, maana mwanamume akiulizwa swali la kweli mbele ya watu, anachagua kati ya mawili, na yeye akachagua baya. Akainama akalikumbatia gudulia, akaliburuza hadi barazani, akalilaza. Maji yakaenda yote. Majani yakabaki yamelala ukingoni. Samaki wangu walikuwa wanaruka kwenye mavumbi, wekundu wao ukigeuka udongo, na kabla sijashika hata mmoja, kuku wa Mama Kalisti walishafika. Nilimpiga teke kuku. Nilimpata samaki mmoja jike, nikamtia kwenye kikombe cha maji, akapumua mara mbili tatu akapinduka tumbo juu.

Cornel akasema, hata hakunitazama, "Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Usirudie."

Kisha akatoa karatasi. Januari akaisoma, akatia sahihi. Inasema tukikutwa tena na maji yaliyosimama, tunahama kota siku hiyo hiyo. Alitia sahihi upesi, kama mtu anayetoa mkono kwenye moto.

Tope lilikuwa limeganda kwenye kitako cha gudulia. Nikabeba gudulia nikalimwage tope lote chooni, liende, mbugani na mgodini na misheni vyote viende! Bibi Mageni akasimama mlangoni. Mwanamke mfupi yule, lakini aliziba mlango wote. "Leta hapa."

"Mama, niache."

"Samaki wako wamemwagwa. Sasa unataka kumwaga na watoto wao?"

Nikamwambia hakuna watoto, kuna uchafu. Akatia mikono miwili ndani ya gudulia akalikomba lile tope, akaondoka nalo chumbani kwake likimdondoka mpaka viwikoni. Amezeeka vibaya, nikasema moyoni. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

8 Agosti

Sina la kuandika.

16 Agosti

Bibi Mageni anatandaza tope kivulini juu ya ungo, analigeuza kwa vidole, analinusa. Nimemuuliza anangoja nini. "Liwe kama ugoro mzuri. Likilowa sana linaoza, likikauka sana linakufa. Liwe la kushikana kidogo."

Leo kalifunga kwenye kitambaa, kalitia kwenye chungu, kakitundika kwenye kona ya chumba chake pamoja na mbegu zake za mtama na maboga. Nyumba ya bati, hatuna shamba hapa, lakini mbegu anazo. Kila mwaka anazigeuza.

3 Septemba

Kiangazi kimekaza. Vumbi la mgodi linaingia mpaka kwenye sindano. Gudulia tupu liko pale pale dirishani. Januari kapendekeza tutilie mahindi. Nimelichukua nikalipangusa vumbi.

19 Septemba

Kilimani kuchukua vipimo. Samaki wawili wa Nairobi wamekufa, maji yao yamekuwa kijani. Mke wa meneja akaniambia eti hali ya hewa ya huku haifai kwa samaki.

Sikucheka safari hii. Nilimwambia, "Mama, ni samaki gani hao wanaoogopa hewa?" Akaacha kunywa chai yake.

11 Oktoba

Vita ndani ya nyumba! Leo nimemwona Philomena, mke wa Cornel, anatoka mlango wetu wa nyuma na kitu amekifunika chini ya kanga. Nikaenda chumbani kwa Bibi Mageni, nikatungua kile chungu. Tope limebaki ngumi moja.

"Mama, umempa nini mke wa adui yangu?"

"Ameomba mbegu."

"Mbegu gani?"

"Mbegu ya samaki. Mama Kalisti naye aliomba. Na wa nyumba ya tisa, na yule Msumbwa wa kumi na mbili. Nimewapa."

Nikapiga kelele nisizozipiga tangu niolewe. Nikamwambia ni tope langu, nimelibeba siku mbili mapajani, na yule Philomena atampelekea mumewe na sisi tutalala barabarani. Akaningoja nimalize. Akachukua ugoro, akavuta, akafuta pua.

"Mama Limi, wewe umetoka Kishapu au umeanguka na mvua? Jirani akiomba mbegu, unampa. Hata kama jana mmetukanana. Ukimnyima, yako ikifa mwakani utaomba kwa nani?"

Najua. Nani hajui? Mama yangu mzazi aliwahi kumpa mbegu za mtama mwanamke aliyemloga, au aliyesema amemloga. Mbegu hainyimwi. Nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

13 Oktoba

Nimekutana na Philomena bombani. Nilitaka kupita. Akasema, "Shikamoo, Mama Limi." Ni mdogo kwangu, nikaitika marahaba, ndipo nikashikwa hapo.

Akaniambia kwa sauti ya chini, maji yakijaa: Cornel alipanda kilimani mwezi wa tisa, na upawa wake. Alisema hataki kuulizwa tena lile swali. Kwenye bakuli la ndege alikuta viluwiluwi tele. Akaambiwa ashuke, na akirudi bila kuitwa arudishe kaptura ya kazi. Akashuka. Tangu siku hiyo usingizi umempaa.

Sijamsamehe. Kuku walikula samaki wangu. Lakini nilipofika nyumbani niliona nimebeba ndoo yake na yeye amebeba yangu, tukarudi kubadilishana, na hapo tukacheka kidogo.

30 Oktoba

Mawingu, halafu upepo, halafu hakuna.

9 Novemba

Mawingu. Bibi Mageni anatoka nje kila saa kama mwenye miadi.

Jumamosi, 14 Novemba

Mvua! Saa tisa mchana, bati zikilia hatusikilizani. Nimekinga kila chombo. Nikalivuta gudulia katikati ya chumba.

Januari akasimama mlangoni, analowa. "Mama Limi, nilitia sahihi."

"Ulitia wewe. Mimi sikutia."

Nilidhani atanizuia. Alivua viatu, akabeba ndoo ya kwanza ya maji ya mvua akaimimina mwenyewe, polepole, yasitibuke. Ndoo nne. Hakusema kitu tena, na safari hii hakukuwa na kelele.

Bibi Mageni akalifikicha lile tope majini kama anaunga mboga. Likaelea, likazama. Tukatazama. Tope na maji, basi.

15 Novemba

Hakuna kitu. Darasa la nne halikunidanganya.

Jumatatu, 16 Novemba

Nilikuja na taa kwa sababu asubuhi ilikuwa na giza la mvua. Nikadhani ni vumbi. Vumbi lina macho! Macho mawili mawili meusi, na kijiuzi cha mwili nyuma yake, yanasimama, yanaruka, yanasimama. Niliita, sijui niliita nani, nyumba nzima ikaja. Nikahesabu thelathini nikapotea.

Maji yakimwagika hayazoleki, alisema. Haya basi, njoo uyaone yalivyozoleka.

Nikapiga magoti mbele ya Bibi Mageni, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilisema umezeeka vibaya."

"Hukusema."

"Nilisema moyoni."

"Basi na msamaha upokee moyoni," akasema, akapiga chafya.

18 Novemba

Nawalisha kiini cha yai la kuchemsha, nakikamua kupitia kitambaa chepesi. Kidogo sana, maji yasioze. Nimeomba yale majani ya nyuzi kwa Bujiku, ameyatuma na dereva wa lori ndani ya chupa, na ujumbe: je, wageni wamefika salama?

28 Novemba

Wameanza kula viluwiluwi vidogo. Nimevitoa wapi? Kwenye bakuli la ndege la kilimani. Nilikwenda kupeleka foronya, nikarudi na chupa imejaa. Nchi nzima hii huwezi kupata viluwiluwi vinono kama vile.

Cornel hakukagua wiki mbili, alikuwa na homa. Kesho kutwa anarudi kazini, na ukaguzi ni tarehe kumi na moja. Januari kaniuliza tufunike? Kaniuliza tu, hakuleta kitambaa. Nikasema hapana. Nikamwambia tena kwamba likitolewa nje, na sisi tutatolewa nje, na Limi na Bibi Mageni, na mvua hii. Kisha akasema, "Basi liwekwe barazani, wasipate shida ya kuingia."

Huyu ndiye mwanamume niliyemwandika kama mwoga kwa kurasa tatu. Sifuti kurasa, lakini naongeza hii.

Ijumaa, 11 Desemba

Nimefunga vyombo vyetu tangu jana, masanduku mawili na cherehani. Mtu akikaidi, akaidi akiwa amejiandaa.

Saa mbili Cornel akaingia ua. Amekonda na homa. Gudulia lilikuwa barazani, wazi, jua limelipiga ubavuni, samaki wadogo wanapita juu na chini. Akasimama. Nikaona kitu usoni mwake ambacho mwezi wa nane sikukitafuta: hakutaka kuwa pale.

Akafungua daftari. "Jina."

Nikafungua mdomo. Januari alikuwa ameshatoka mlangoni, amevaa shati lake la kanisani, na sauti ikamtoka isiyopiga hodi. "Niandike mimi. Sahihi ilikuwa yangu."

Ndipo Mama Kalisti akasema kutoka barazani kwake, "Na mimi niandike." Ana beseni la bati, amelitoa nje kwa mikono miwili, na ndani yake samaki wamo. Yule Msumbwa wa kumi na mbili akatoa chupa kubwa ya kioo. Nyumba ya tisa, debe lililokatwa. Nyumba ya nne, chungu, na ya nne sikujua hata kama iliomba. Mlango baada ya mlango, laini nzima wanatoa vyombo vyao na kuviweka barazani kama wanaoanika mpunga. Sikuwatuma. Naapa sikuwatuma. Walipewa mbegu, wakapanda.

Cornel akawa anageuka tu, penseli hewani. "Nitaanza na nani?" Alisema hivyo, nami naamini hakujua kuwa amesema kwa sauti.

Bibi Mageni, kwenye kigoda, akajibu, "Anzia kwako, baba."

Tukatazama wote mwisho wa laini. Philomena alikuwa amesimama barazani pao, mtoto mgongoni, na mbele ya miguu yake karai la enameli jeupe lenye maua. Alikuwa anaogopa. Lakini hakurudi ndani. Akasema, "Njoo na upawa, Baba Tina. Pima."

Akaenda. Laini nzima tukamfuata. Akachovya. Akatazama ndani ya upawa, akaugeuza kwenye mwanga, akamwaga, akachovya tena. Mara tatu. Kisha akarudi juu polepole, beseni la Mama Kalisti, chupa ya Msumbwa, debe, chungu, mpaka kwangu. Gudulia langu alichovya mara tano, mshenzi yule. Akaita Kalisti amletee maji ya mtaro uliopo nyuma ya choo, yaliyojaa viluwiluwi, akamimina humo ndani mwenyewe. Samaki wakavirukia. Tukangoja kwa muda wa kumenya kiazi. Akachovya mara ya sita.

Akakaa kwenye ngazi ya baraza langu, daftari magotini. Akatoa rula kwenye mfuko wa shati. Nikamwona anachora mstari, wima, kando ya safu ya kufulia, na juu yake anaandika kwa mwandiko wa shule. Nikainama nisome.

*Ya kutazama.* Chini yake, kwa kila nyumba, kuanzia ya kwanza hadi yake: *Viluwiluwi: hakuna.*

"Juu huko watasema nini?" Januari akamuuliza.

"Sijui," Cornel akasema. "Wakija kumwaga, itabidi waje na watu wengi." Akasimama, akafuta upawa. Kwenye mlango wa ua akageuka. "Mama Limi. Wale wa kwanza."

"Ndiyo?"

"Walikuwa wazuri."

"Walikuwa wazuri sana," nikamwambia. Sikumrahisishia.

Nimefungua masanduku.

12 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Dume mmoja ameanza wekundu mkiani. Bibi Mageni amevuta kigoda chake mbele ya gudulia, hajatoka hapo. Nimemwita mara mbili aje kula. Kaniambia nimwache, ng'ombe hajamaliza kunywa.